Kiangazi cha Meneja

4 Juni
Matope yamekauka kiasi cha gari kupita, kwa hiyo kambi imefunguliwa. Nimeshinda nikianika magodoro na kufagia kinyesi cha popo. Mahema yanasimama palepale kwenye kona ya mto, msitu mgongoni, kidimbwi kikubwa mbele, na ukikaa kwenye benchi la jikoni unaona mpaka mto unapoingia ziwani. Pazuri, siwezi kukataa. Wageni wakifika husema hapa ni peponi, halafu wanauliza choo kiko wapi.

Kaka amerudi kutoka mjini na mipango mipya, bila spea ya pampu aliyoifuata. Amesema maji ya tangi ni ya wageni, sisi vyombo tuoshee mtoni. Sisi, maana yake mkewe. Wifi yangu huyu ni mwaka wa pili sasa, hajanizoea wala mimi sijamzoea. Nikimtuma chumvi analeta chumvi, neno halitoki. Nilimwambia Mlinzi kwamba kaka yangu ameoa ukuta. Mlinzi akacheka, lakini yeye hucheka hata akisalimiwa.

11 Juni
Wageni wanne. Mmoja hali kitunguu. Basi.

19 Juni
Mamba mrefu kama mtumbwi wetu amepanda kwenye mwamba wa kidimbwi na kulala mdomo wazi. Kaka akaichukua ndoo ya utumbo wa samaki niliokuwa nakwenda kuufukia, akagonga mfuniko wa sufuria kubwa ili walioko mahemani waje waone, kisha akamtupia. Yule mnyama alifunga mdomo mara moja tu, kazi ikaisha. Watu wakapiga makofi. Kaka alirudi jikoni uso unang'aa, akasema mwaka huu hatuhangaiki kutafuta wateja, Mungu katuletea mtaji wenye mkia.

Nilicheka sana. Kaka yangu akiwa na furaha, hata mfiwa atacheka naye. Ndiye aliyenipokea nilipoachika, wengine wote wakiniuliza nilikosa nini.

27 Juni
Sasa ni kila siku kabla ya chakula cha mchana. Kaka anagonga mfuniko, wageni wanakuja, mamba anakuja, utumbo unaruka. Mamba tumempa jina Meneja, kwa sababu hafanyi kazi, anakula kwanza, na akitokea kila mtu anasimama. Jina nimelitoa mimi, ila wageni wanaambiwa ni la Kaka.

2 Julai
Jua kali. Mto umeshuka, mizizi ya ukingoni inaning'inia hewani.

8 Julai
Mlinzi amekataa kubeba ndoo. Alisema mbele ya wageni, na safari hii hakucheka: "Bosi, huyu hajui samaki wala nini. Anachojua ni mlio. Siku akisikia mlio na ndoo haipo, atakula aliyepo."

Kaka alimpiga na ileile ndoo. Nilidhani anamtishia, lakini alimpiga nayo kichwani, chuma kikachana ngozi juu ya sikio na damu ikachanganyika na maji ya samaki shingoni. Mlinzi alikaa chini. Mgeni mmoja akaanza kusema kitu, Kaka akamtabasamia na kueleza kwamba huyu kijana ana utani mbaya.

Nilimsafisha Mlinzi jikoni kwa maji ya chumvi. Nilimwambia mwenye nguvu mpishe, aache ubishi. Kaka ana hasira za karibu, lakini hana kinyongo, ndivyo nilivyomtetea.

15 Julai
Mbwa wetu kaliwa.

Alikuwa amezoea kwamba mfuniko ukilia kuna mabaki, kwa hiyo leo alitangulia mbio kabla ya ndoo, akafika kwenye mwamba akitikisa mkia. Meneja hakuwa kwenye mwamba. Alikuwa chini yake. Maji yalipasuka, mbwa akatoa mlio mmoja kama wa mtoto, na nilikiona kiwiliwili chake kikipigwa juu ya jiwe, upande huu, upande ule, mpaka kikakatika. Watoto wa wageni walilia. Baba zao walikuwa wameshika simu juu, na jioni walikuwa wakionyeshana.

Kaka alisikitika kwa muda wa kumaliza soda. Kisha akasema picha hizi zikienda mjini, mahema hayatatosha.

Hapo ndipo Wifi aliposema, mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida: "Uache kugonga huo mfuniko." Baadaye Kaka aliingia naye chumbani kwao nyuma ya stoo na nikasikia mkanda. Ukuta ule ni mabati, husitiri kitu. Nilikuwa nakaanga samaki. Nilichochea moto ili mafuta yapige kelele zaidi.

16 Julai
Wifi kavaa mikono mirefu na jua hili. Sikumuuliza.

24 Julai
Wavuvi wa ziwani wamepungukiwa, hawaleti utumbo kama zamani. Kaka anagonga mfuniko na ndoo iko nusu, siku nyingine robo. Meneja anakula na kubaki anatazama. Zamani aliishia kwenye mwamba, sasa anapanda mpaka kwenye nyasi, na wageni wanarudi nyuma huku wakicheka kicheko cha woga.

29 Julai
Vyombo vimekuwa vingi, nikaenda kumsaidia Wifi mtoni. Yeye huoshea juu, mbali na mwamba, kwenye maji ya kifundo cha mguu. Nilipoanza kupanga sufuria alinishika mkono. Katikati ya kila sufuria na mwenzake anaweka kitambaa, vijiko anavifunga kwenye kanga, anasugua kwa majani badala ya mchanga. Hakuna kinacholia. Nilimuuliza anaogopa kuamsha nani. "Meneja wako," akasema. "Hajui tofauti ya mfuniko wa kula na sufuria ya kuoshwa."

Tuliosha kimya kama wezi, ikaanza kunichekesha, naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Akaniambia siku ya kwanza alipofika aliniogopa, maana nilimkabidhi ufagio kabla sijampa kiti. Ni kweli nilifanya hivyo.

Kumbe kabla ya kuolewa alikuwa fundi cherehani. Viraka vyote vya mahema, vile nilivyovisifia mwaka jana nikidhani Kaka kaleta fundi kutoka mjini, ni kazi ya mikono yake. Kaka alizipokea sifa zangu na kunyamaza. Nimelala kitandani nafikiria jambo dogo kama hilo na nashangaa linavyoniuma.

6 Agosti
Hakuna upepo. Kidimbwi kimekuwa bakuli.

12 Agosti
Nitaandika yote.

Basi la wageni lilikuwa lije kesho. Saa nne asubuhi Kaka aliingia jikoni, akaona sufuria za jana, akamwambia Wifi azipeleke mtoni upesi kwa sababu anazitaka. Nilikuwepo, nilisikia. Maji kule juu yamekauka kabisa, kwa hiyo siku hizi tunaoshea pembeni mwa kidimbwi na Mlinzi husimama na kafi la mtumbwi. Leo Mlinzi alikuwa getini. Wifi akasema ataosha haraka, akachukua vitambaa vyake, akaenda. Nilimwangalia kutoka kwenye benchi. Alichutama, akaanza na sufuria ndogo, taratibu, bila mlio.

Basi likafika leo badala ya kesho. Watu wakateremka wakiuliza mamba yuko wapi. Kaka akatoka ofisini anakimbia, akifunga vifungo vya shati, akachukua mfuniko ukutani na kuugonga.

Nilipiga ukelele. Wifi aliinua kichwa, akanitazama mimi, si maji. Alikuwa ameanza kusimama. Meneja alitoka mbele yake na kumdaka mkono wa kulia juu ya kiwiko, na wote wawili wakaanguka upande wa maji.

Nilikimbia na mchi. Sijui niliuchukua wapi na lini. Nilimshika Wifi kiunoni, nikakita miguu kwenye matope, na yule mnyama akaanza kuzunguka. Nilisikia mfupa. Watu husema unasikika kama kuni, lakini hapana, ulikuwa mlio wa majimaji, na Wifi alikuwa akiniambia "usiniachie, usiniachie," kwa sauti ndogo kabisa sikioni. Nilimpiga yule mamba pua, nikampiga tena, mchi ukawa unadunda tu. Mlinzi akaja. Aliruka mzimamzima na kumchoma kafi kwenye jicho, akaegemea kwa uzito wake wote, na kitu kikaachia. Tulianguka nyuma, mimi, Wifi na damu, na mkono haukuwepo. Palikuwa na nyama na shati na kipande cha mfupa cheupe.

Mlinzi alifunga kwa kitambaa cha sufuria, akakaza kwa kijiko. Nilipogeuka, wageni walikuwa wamejipanga ukingoni, simu juu. Kaka alikuwa katikati yao, mfuniko mkononi.

"Nilisahau kama yuko pale," akasema.

14 Agosti
Hospitali. Wameusawazisha mkono juu, karibu na bega. Daktari kasema ataishi. Wifi kafumbua macho na kuuliza kama sufuria zilirudi zote.

16 Agosti
Kaka kawaambia askari wa kituoni kwamba mkewe alikwenda kuoga mahali alipokatazwa. Wazazi wa Wifi nao kawapigia simu, akasema binti yao ameanguka na kuvunjika, si kitu kikubwa, wasijisumbue safari. Simu ya mkewe anayo yeye mfukoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake akisema yote hayo, na nilikuwa nimenyamaza.

22 Agosti
Kambi imejaa mpaka watu wanalala ndani ya magari. Ile video imekwenda mbali. Wanataka kumwona Meneja, chongo sasa, na Kaka anagonga mfuniko mara mbili kwa siku. Ananunua mbuzi.

Afisa wa wanyamapori alikuja na bunduki. Kaka akamwambia mamba kahamia ziwani tangu siku ile, akanituma chai. Nilimtilia afisa sukari, akanishukuru, akaondoka. Meneja alikuwa chini ya mwamba, hatua chache kutoka kwenye kiti alichokalia afisa. Nilijichukia mpaka nikashindwa kula.

2 Septemba
Wifi karudishwa. Amekonda, kigutu kimefungwa kwenye shati, sindano anaishika kwa meno akijaribu kutunga uzi. Nilimwambia nitamtungia. Akasema kila siku? Nikasema kila siku.

5 Septemba
Kaka ameweka kiti ukingoni. Anataka Wifi akae pale saa za kulisha ili wageni wamwone na mamba pamoja. Alilieleza kwa upole, kama mtu anayegawa kazi za nyumbani. Wifi akasema hakai.

Alimburuta. Alimshika ule mkono uliobaki na kumburuta kutoka jikoni mpaka nje, magoti yakikwaruza kwenye kokoto, na alipojishikilia kwenye mguu wa meza alimkanyaga vidole. Nilijitia katikati, nikapata kiwiko cha mdomo, jino likatoka. Mlinzi akaitwa amtoe dada huyu mwendawazimu. Mlinzi hakunigusa, akaenda kusimama mbele ya kile kiti na kukitupa mtoni. Kwa hilo alipigwa mateke mpaka akatapika, na wageni wakaanza kufunga mizigo kimya kimya.

Jioni nilimtazama kaka yangu akila. Alikula vizuri, akaomba kuongezewa mchuzi. Nikajua kwamba atamuua yule mwanamke, pengine bila hata kukusudia, kwa kusahau tu kama yuko pale. Na nikajua hakuna wa kumtoa mikononi mwake ila mimi.

9 Septemba
Kutwa nzima mawingu, mvua haikunyesha.

Jana nilipokwenda sokoni nilipita kwa afisa. Nilimwambia nilimdanganya kwa chai yangu, arudi kesho mchana, na aje na askari. Alinilaumu sana, na alikuwa na haki.

Wamekuja leo, afisa na askari wawili. Kaka akawapokea kwa tabasamu lake lilelile, akaapa kwa kaburi la baba kwamba huyo mamba hayupo, mto mtupu, watazame wenyewe. Kidimbwi kilikuwa kimetulia kweli. Afisa akanitazama, nami nikaanza kuogopa kwamba Meneja ataniumbua. Wageni waliobaki walisimama mlangoni mwa mahema yao na hakuna aliyefungua mdomo, maana walikuwa wamelipia.

Wifi akatoka jikoni. Alikuwa na mfuniko. Akauweka chini juu ya jiwe kwa sababu hana mkono wa kuushikia, akapiga magoti, akaanza kuugonga kwa upawa. Aligonga polepole, kwa nguvu, akiangalia maji. Kaka alielewa kabla ya wote. Alimfikia kwa hatua tatu na kumpiga teke la mbavu, mbele ya serikali. Wifi akaanguka kwa kile kigutu, akapiga yowe ambalo sikulisikia hata siku ile ya mamba, akajiinua na kugonga tena. Kaka akamshika nywele na kumgongesha uso kwenye mfuniko. Ukalia vilevile.

Nilimpiga kaka yangu na mchi kwenye bega. Nililenga kichwa, nasema ukweli, ila aligeuka. Mfupa wa mtulinga ulivunjika na mkono ukaning'inia. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, kama kwamba kiti kimempiga. Nilimpiga tena gotini, akaenda chini, na askari mmoja akaniondoa kwa kunikumbatia.

Nyuma yetu Meneja alikuwa amepanda kwenye nyasi, jicho moja, anasubiri chakula. Afisa alipiga risasi ya kwanza ikamwingia shingoni. Mnyama alijipinda, akapiga mkia, akavunja nguzo ya hema, akaja mbele badala ya kurudi. Ya pili ilimpata taya. Ya tatu nyuma ya jicho. Alichukua muda mrefu kufa, miguu ikikwangua udongo. Nilitegemea kufurahi. Nilimhurumia, maana hakuna alichofanya zaidi ya kuitika alipoitwa.

10 Septemba
Kaka yuko hospitali chini ya ulinzi. Wifi, pua imevunjika, mbavu mbili. Mimi mzima.

14 Septemba
Mama amefika. Amelia, ameona mahema, amelia tena. Kisha akafunga mlango wa jikoni na kunieleza alichokuja nacho. Kesho naandikisha maelezo kituoni, na kila kitu kinategemea nitasema nini kuhusu ile asubuhi ya basi. Kaka kasema hakujua kama mkewe yuko mtoni. Wifi atasema alitumwa na yeye. Ni maneno ya mtu na mkewe, na katikati nipo mimi.

"Ni mtoto wangu wa kiume pekee," Mama akasema. "Utamfunga kaka yako kwa ajili ya mtoto wa watu?"

Nimejua kwa nini wanaume wakubwa humwogopa mama yangu. Ana sauti ndogo inayokurudisha utotoni. Nilimwambia: "Mama, huyo mtoto wa watu walitukabidhi akiwa mzima."

Alivaa viatu vyake, akaenda kulala hospitali kwa mwanawe. Hakuniaga.

15 Septemba
Nimesema yote. Ndoo, mbwa, mkanda, nani alimtuma mtoni, nani aligonga. Askari alipouliza kama nina la kuongeza nikamwambia aandike kwamba mafuta yangu yalikuwa yakipiga kelele. Hakuelewa, hakuandika.

18 Septemba
Mvua, hatimaye. Mto umepanda na kusomba hema la mwisho. Mlinzi kafunga geti na kuniuliza ufunguo ampe nani. Sikujua.

23 Septemba
Nimemrudisha Wifi kwao.

Mlinzi alisema angempakia kwenye gari la abiria akafika salama, na Wifi mwenyewe alisema nisijitese. Lakini ukoo wetu ulikwenda kumchukua watu kumi na wawili, kwa vifijo. Haiwezekani arudi peke yake kama mzigo. Mama hakwenda, wajomba walipata udhuru wote kwa pamoja. Nikaenda mimi.

Walikuwa wakijua mfupa umevunjika. Baba yake alitoka uani akifuta mikono, akaanza kutabasamu, akaona shati limekunjwa na kubanwa na pini pale ambapo mkono ulipaswa kuwa. Mama yake alikaa chini mlangoni, palepale, bila kutafuta kitu cha kukalia.

Baba yake akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye dada wa mumewe, na nimekuja kwa niaba ya wote waliomchukua. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, nikasema hayo tu.

Alinipiga kofi. Ni mtu wa jembe, mkono wake ni mzito, na upande ule ndio wenye jino lililotoka. Mdomo ukajaa damu. Wifi akaanza kusema, "Baba, huyu ndiye," lakini nilimpungia mkono anyamaze. Sikurudi nyuma. Nilisubiri la pili na nadhani nilikuwa nalitaka.

La pili halikuja. Alisimama anahema, machozi yakimtoka bila sauti, mkono bado uko juu. Kisha akaushusha, akaingia ndani, akatoka na kiti, akaniambia nikae, hatuwezi kuzungumza mambo haya na njaa.

Mtoto wa jirani akaleta birika na beseni. Baba alimmiminia binti yake kwanza. Wifi akanyoosha mkono wake mmoja chini ya maji, ukabaki pale unalowa, hauna wa kuusugua. Nikasogeza kiti changu, nikaunawisha.